Kamba ya Papa Tadeo na Chura wa Mweso

Vijana wa gazeti la parokia, muliniomba niwaandikie namna tulivyofanya kazi zamani, na mukasema kurasa mbili zitatosha. Niliandika kurasa mbili, nikazisoma, nikaona nimejisifu. Nikazichana. Hizi njo za pili, na ni nyingi kupita zile, lakini sifa zimepunguka. Muzisome vizuri mbele ya kuzichapa, maana mimi nilifika mwaka wa tano wa primeri tu, na huo wa tano niliugua malaria miezi mitatu.

Niko na madaftari kumi na moja. Kila siku nilipotoka kazini niliandika ndani yake mambo niliyoona. Mahali daftari linasema Jumatano na kichwa changu kinasema Alhamisi, nimefuata daftari. Mahali daftari linasema nilikuwa jasiri, nimefuata kichwa.

Gazeti letu liliitwa Masikio Mbili. Lilitoka Masisi mara moja kwa mwezi, wino ukipatikana, miaka ile ya nyuma ya vita kubwa mpaka karibu na uhuru. Lilikuwa na kurasa nane za habari za nchi: barabara iliyokatika, shule iliyofunguliwa, bei ya maharagi, ugomvi wa mipaka, nani kasema nini mbele ya chefu, mukubwa wa wenyeji. Nakala zilikuwa chache, kwa hiyo kila soko lilikuwa na musomaji wake, muntu wa kusimama na kusoma kwa sauti, na wengine wote walisoma kwa masikio.

Lilizaliwa ndani ya karakana ya seremala. Mwenye kulianzisha, Papa Tadeo, alikuwa fundi wa meza na mabenchi ya shule. Alikuwa na kamba ya kupimia mbao, na katikati ya kamba alipiga fundo. Tukiandika habari ya watu wawili wasiopatana, alilaza kamba ile juu ya karatasi. Kutoka mwanzo mpaka fundo ilikuwa nafasi ya huyu, kutoka fundo mpaka mwisho nafasi ya yule. Maneno yakizidi, alikata. Yakipunguka, aliniambia mimi, mwandishi wake: «Karani, ongeza.» Na kusema nani ana kweli, hapana. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza na ya mwisho ya Masikio Mbili. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu: «Nilitengeneza meza ya muguu mumoja murefu mara moja tu. Padiri alimwaga supu yote juu ya kanzu. Sitaki tena.»

Nilipoanza, juma la kwanza, nilimuletea tangazo la ndoa. Aliliangalia kwa muda.

«Na upande wa pili iko wapi?»

«Papa, hii ni ndoa. Haiko ugomvi.»

«Bado,» akasema.

Nikavaa viatu, nikaenda kumtafuta baba wa binti mwingine, ambaye bwana arusi alimwacha. Yule baba alinipa maneno mengi sana, nami nikayapunguza mpaka yakaingia ndani ya kamba. Tulichapa. Bwana arusi alinitafuta na fimbo miezi miwili. Leo nikifikiri, naona alikuwa na haki, ao karibu. Nyuma ya hapo Papa Tadeo alitoa ndoa, vizazi na mvua ndani ya sheria. Mvua ilitolewa kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata muntu mumoja wa kusema haikunyesha.

Musifikiri watu walitupenda. Watu wa Masisi walisema Masikio Mbili ni gazeti la watu wa Walikale, kule porini. Watu wa Walikale walisema ni gazeti la wenye ngombe wa Masisi. Barua za matusi zilipofika kutoka pande zote mbili ndani ya kamyo moja ya mizigo, Papa Tadeo aliziweka juu ya meza, rundo hili na rundo lile, akazipima kwa mukono kama mwanamuke anayepima viazi. Zikiwa sawa, alifurahi mpaka jioni.

Na kwa kuwa nataka kuwa wa haki, nitasema hili pia. Kamba yetu haikupima mambo ya Bwana Teritwari, yule Mubelgiji aliyetawala. Kila nakala ya kwanza ilipita mezani kwake, naye alikuwa na kalamu nyekundu. Upande wake haukuwa na fundo.

Mbele ya habari yenyewe, neno moja juu ya stensili, maana ninyi hamuzijue. Ilikuwa karatasi ya nta. Unaipiga na mashini ya kuandikia bila utepe, herufi zinakata nta, kisha unaifunga juu ya roneo, mashini ya kuchapia, unazungusha mukono, wino unapita ndani ya herufi. Herufi ya «o» ilikuwa adui. Ukiipiga na nguvu, duara inakatika na kuanguka kama kifungo cha shati, na ndani ya gazeti inatoka tone nyeusi. Mwezi wangu wa kwanza, kila «soko» na kila «moto» ilikuwa na majicho mawili meusi. Chefu mumoja aliuliza kama ni alama za siri. Basi «o» tuliipiga polepole, kama muntu anayegonga mulango wa baba mukwe.

Sasa habari ya chura.

Mweso kulikuwa na mama anayeitwa Mama Venansiya. Alizaliwa Kirolirwe, kwenye familia ya wenye ngombe, akaolewa Mweso, na kaka zake walimpa ngombe wanne wa kukamua. Hawakuwa wake kabisa. Walikuwa wa ukoo, na ukoo ungeweza kuwarudisha. Bwana wake alikufa, na maziwa ya wale wanne njo yaliyovalisha watoto. Kila siku ya soko alikaa na vyombo vyake vya mti, vyeupe kwa kusuguliwa, na watu walikuja na mabido yao, vile vyombo vya bati vya kubebea maji na mafuta, akawamiminia.

Mbele ya soko kulikuwa na butike ya Papa Gaspari. Aliuza chumvi, sabuni, vitambaa, na maziwa ya mikebe yaliyotoka Ulaya. Sisemi alisema aliyoyasema kwa sababu ya ile mikebe. Nasema tu kwamba mikebe ilikuwako.

Papa Gaspari aliniita nilipopita Mweso, akaniambia amenunua maziwa kwa Mama Venansiya, na ndani yake amekuta mutoto wa chura, ule mweusi wa mukia.

«Karani, chura anaishi wapi?»

«Ndani ya maji, Papa.»

«Basi andika.»

Nikaandika. Nikavuka barabara kwa Mama Venansiya. Alisema: «Hakuna tone la maji. Kwetu ukitia maji ndani ya maziwa, ngombe anakauka. Hata mutoto anajua.» Nikaandika. Nikarudi Masisi, nikiwa na furaha kubwa, maana maneno yao yalilingana hata bila kukata. Mistari kumi na mbili kwa Papa Gaspari, kumi na mbili kwa Mama Venansiya. Papa Tadeo alilaza kamba, fundo likakaa katikati kama limezaliwa pale. Akanipiga begani. Daftari langu la siku ile linasema: «Leo nimekuwa karani kweli.» Ningependa kulichana hilo pia, lakini nyuma yake kuna hesabu ya viazi.

Gazeti lilisomwa Mweso kama desturi, juu ya baraza ya butike ya Papa Gaspari, kwa sababu ndiyo ilikuwa na mabati na mvua ya kule hamuijue. Musomaji alikuwa Mwalimu Yosia, muntu wa miwani na sauti ya kanisa. Alisoma upande wa kwanza, akasoma upande wa pili. Watu wakafikiri. Kisha muntu mumoja akatoa hukumu, na soko lote likaikubali:

«Masikio Mbili haidanganye. Imempa huyu nusu na huyu nusu. Basi ndani ya chombo iko nusu maziwa, nusu maji.»

Mwezi ule wote hakuna aliyenunua kwa Mama Venansiya. Yule mumoja aliyenunua alitaka kulipa nusu.

Hayo sikuyajua mpaka aliponikuta yeye mwenyewe. Siku moja, tukiwa karakanani na vumbi ya mbao mpaka puani, aliingia na chombo cha maziwa kichwani. Alikuwa ametoka Mweso kwa miguu, amelala njiani kwa jamaa. Alikiweka juu ya benchi, akafungua kifuniko.

«Karani, kunywa.»

«Mama, siwezi. Nitakuwa upande mumoja.»

«Basi kunywa nusu.»

Nikanywa nusu. Jioni niliandika daftarini «maziwa mazuri», kisha nikafuta «mazuri», na alama ya kufuta iko pale mpaka leo.

Hakukaa. Alisimama mbele ya Papa Tadeo, akasema kwa upole ambao ulinitia haya kupita matusi yote ya kamyo: «Kaka zangu wamesikia. Wanakuja siku ya soko ya kwanza nyuma ya Pasaka. Wanasema ngombe wao hawawezi kukamuliwa na mukono unaotia maji. Watawarudisha wote wanne, Papa. Mimi nilisema kweli. Yule alisema chura. Kwa nini tulilingana?»

«Mama,» akasema Papa Tadeo, «tulikupa kamba sawasawa na yeye. Hatukukupunguzia hata kidole.»

«Basi chukua hiyo kamba ufunge nayo ngombe wangu, wasiende.»

Akafunika chombo, akatoka. Papa Tadeo alichukua randa, akasugua ubao mumoja mpaka ukawa mwembamba kama rula. Ulikuwa wa mulango.

Kulikuwa bado na kifurushi cha gazeti lile cha kupeleka Mpofi, kule Walikale. Kamyo ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilishuka na miguu, kutoka baridi ya milima mpaka ndani ya pori, siku mbili za matope. Musomaji wa Mpofi alikuwa Papa Kasimba, mulimaji na muwindaji, Mukristo wa kila Jumapili ambaye hata hivyo hakuingia porini bila kunong'ona kitu alichofundishwa na babu yake. Nilimuuliza mara moja ni kitu gani. Alisema: «Upande wa pili.» Sikuandika.

Siku niliyofika, wawindaji walikuwa wamerudi na nguruwe wa pori, na watu wawili walikuwa wanabishana juu yake. Kila mumoja alisema mushale wake njo ulipiga wa kwanza, na wa kwanza njo anapata paja. Mimi, mugeni mwenye kalamu sikioni, nikaona nafasi ya kusaidia. Nikasimama.

«Mbona musikate nusu kwa nusu?»

Wakaniangalia kama nimevua suruali.

«Karani,» akasema Papa Kasimba, «kwenu Masisi nyama inakatwa na mudomo? Hapa, anayesema alimupiga, anaweka kidole.»

Sijui kama vijiji vingine hufanya vile, lakini Mpofi ilikuwa hivi: anayedai anatia kidole chake ndani ya tundu la mushale wake, mbele ya wote. Wa kwanza alikitia mara moja, nyuma ya bega. Wa pili alizunguka nguruwe. Akazunguka tena. Akamuinua mukia. Watoto walianza kumuhesabia mizunguko. Kwa mwisho akasema polepole: «Labda ilikuwa nguruwe mwingine.» Kicheko kilichotoka pale kilifukuza kuku. Walimpa kipande cha shingo, «kwa kuwa umetembea vizuri».

Kisha Papa Kasimba akakaa, akawasomea Masikio Mbili. Alipofika kwenye habari ya maziwa, yule wa pili, bado na kipande chake cha shingo mukononi, aliinua kichwa.

«Na ule chura, nani aliweka kidole?»

Wote wakanigeukia.

Vijana wangu, nilikuwa nimepima maneno yale na kamba mara tatu. Nilikuwa nimehesabu mistari. Nilikuwa nimepiga «o» ya «Mweso» kwa upole kila pahali. Sikuwa nimeomba kuona chura.

«Hakuna,» nikasema.

«Hata wewe?»

«Hata mimi.»

«Na mwenye butike alimupeleka wapi?»

«Sikumuuliza.»

Papa Kasimba alikunja gazeti vizuri, akanipa sahani ya nyama. «Kula, Karani. Kutembea umetembea.»

Kupanda kurudi Masisi nilifikiri juu ya kuacha kazi mara nyingi, lakini kila mara ilikuwa mahali pa kupanda sana, kwa hiyo sijui kama yalikuwa mawazo ao magoti. Nilimukuta Papa Tadeo, nikamweleza yote, na nguruwe na mukia, nikaomba turudie habari ile.

Alikataa. Nami nitaandika sababu zake, maana zilikuwa nzuri. «Karani, leo tukisema Mama iko na kweli, kesho kila muntu atakuja hapa kutaka tumpe kweli. Na kesho kutwa Bwana Teritwari atauliza: juu ya mambo yangu, munasema nani iko na kweli? Utamujibu nini? Tutafunga mulango.»

«Tusiseme nani iko na kweli, Papa. Tuombe tu kuona chura.»

Alivua kofia, akatoa vumbi ya mbao ndani yake, akaivaa tena.

«Kuomba,» akasema, «si kusema.»

«Hapana, Papa.»

«Na kosa letu? Hilo pia litapimwa na kamba?»

Tulilijaribu. Kosa lilikuwa mistari mitatu. Kwa upande wa pili, sababu zetu, hatukupata hata mumoja. Tukaacha mitatu peke yake.

Tukapanda kamyo ya maharagi mpaka Mweso, Papa Tadeo amevaa koti la misa. Papa Gaspari alitupokea vizuri. Alikuwa muntu wa adabu, na ningependa mulikumbuke hilo, maana kutoka hapa mutamucheka. Alitutolea viti.

«Papa Gaspari,» nikasema, «tunaomba kuona chura.»

«Chura gani?»

«Ule wa mustari wa tano.»

«Ah! Huyo nilimutupa.»

«Wapi?»

«Nje.»

«Nani alikuwa pale ulipomuona?»

«Mimi na yeye.»

«Hakuna mwingine?»

«Karani, unataka chura alete mashahidi?»

Papa Tadeo aliinama mbele, akaweka kamba juu ya kontwari, meza ya kuuzia, akaonyesha na kidole. «Kutoka fundo mpaka hapa, gazeti lijalo, ni nafasi yako. Ukipata muntu aliyemuona, ao ukitaka kubadili neno, tuma mbele ya Jumamosi.»

«Na nisipotuma?»

«Nafasi ni yako. Hatumpe muntu mwingine.»

Hakutuma. Jumamosi tulingoja mpaka kamyo ya mwisho. Nikapiga stensili. Upande wa kwanza Mama Venansiya, pamoja na wateja wawili wa zamani waliosema wamekunywa maziwa yake miaka bila kuona hata jani, na kosa letu la mistari mitatu. Chini ya fundo nikapiga: «Papa Gaspari. Tuliomba kuona chura.» Nikasimamisha mukono. Kutoka pale mpaka mwisho wa kamba, nta ilibaki nzima. Papa Tadeo aliniambia nichore mustari kuzunguka ile nyeupe, watu wasifikiri wino ulikwisha. Miaka yote ile alikuwa anasema «Karani, ongeza», na siku ile hakusema.

Bwana Teritwari alishika nakala, akaangalia ile nyeupe, akaangalia kalamu yake nyekundu, akatuangalia.

«Nani alifuta hapa? Mimi sijafuta.»

«Hakuna kilichofutwa, Bwana. Ni nafasi ya muntu asiyesema.»

Aliigeuza karatasi juu ya mwanga wa dirisha, nyuma na mbele, kutafuta maneno yaliyojificha. Kwa mwisho alipiga kashe, muhuri wake wa ruhusa. Nadhani ilimuuma kidogo kwamba nyeupe ile haikuwa yake.

Siku ya soko ya kwanza nyuma ya Pasaka, nilikuwa Mweso. Kaka watatu wa Mama Venansiya walikuwa wamefika kutoka Kirolirwe na fimbo zao ndefu, na mukubwa wao alikuwa na kamba za ngombe begani, nne. Hakumusalimia dada yake. Alisimama mbele ya baraza na wengine, mvua ikidondoka ndani ya shingo yake.

Mwalimu Yosia alipanda, akafuta miwani, akasoma. Alisoma maneno ya Mama, ya wateja, na kosa letu, na kwenye kosa letu watu waligeuka kunitafuta, nami nikaangalia viatu vyangu. Akasoma: «Papa Gaspari. Tuliomba kuona chura.»

Na akanyamaza.

Mimi nilifikiri amepoteza mahali. Sivyo. Mwalimu Yosia alikuwa muntu wa kunyoka. Ameona nafasi imepimwa sawa, na yeye njo musomaji, basi ataisoma yote. Alishika gazeti mbele ya macho, na macho yake yalishuka polepole ndani ya nyeupe, mustari kwa mustari ambao haukuwako. Soko lilingoja. Kukawa na mvua juu ya mabati. Mbuzi akakohoa. Papa Gaspari alikuwa kwenye mulango wa butike yake mwenyewe, na metri ya vitambaa mukononi.

«Soma basi!» akasema.

«Niko nasoma, Papa,» akajibu Mwalimu Yosia bila kuinua macho. «Hapa iko kwako.»

Ikaendelea. Sijapata kusikia kimya kirefu kama kile, na nimehudhuria semina. Kisha, kutoka upande wa wauza ndizi, muntu ambaye mpaka leo simujui, akalia kwa koo: «Kroo.»

Soko zima likapasuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mwalimu Yosia alimaliza nafasi yake, akageuza ukurasa, akaendelea na habari ya barabara, na hakuna aliyeisikia.

Kaka mukubwa hakucheka. Alikwenda mbele ya dada yake, akanyosha mukono. Mama Venansiya alimimina maziwa ndani ya kifuniko. Alikunywa, akakaa nayo mudomoni, akameza.

«Maziwa ni maziwa,» akasema. Akatoa zile kamba nne begani, akazikunja moja kwa moja, akampa dada yake azitumie.

Nyuma ya siku ile sifa ya Masikio Mbili ilibadilika. Zamani watu walituogopa kwa kuwa tulichapa maneno yao. Sasa walituogopa kwa kuwa tungeweza kuacha kuyachapa. Muntu akija karakanani na mashitaka, Papa Tadeo aliuliza kwanza: «Uliweka kidole?» Wengine walirudi kutoka mulangoni. Wengine walitulaumu kwamba tumewaibia maneno, gazeti la kurasa nane limekuwa saba na nusu. Wengine, huko Walikale, walilituma lile jani nyeupe likazunguka vijiji mpaka likawa rangi ya udongo.

Lakini Papa Gaspari aliitwa Papa Chura. Watoto waliozaliwa nyuma ya mambo yale walimwita vile bila kujua sababu. Nilimuona siku moja akinunua dawa ya kikohozi, na mwenye kuuza akacheka mbele ya kumupa. Nilirudi nyumbani, nikafungua daftari, nikakaa mbele yake. Ukurasa wa siku ile uko na tarehe tu.

Miaka mingi ilipita. Gazeti lilikuwa limekufa, na Papa Tadeo naye, akaniachia kamba. Nilipita Mweso kwa mambo ya familia, na Papa Gaspari, amezeeka, ameketi juu ya baraza ileile, aliniita.

«Karani. Chura alikuwako.»

Nikakaa chini.

«Nilimuona na haya macho. Ndani ya bido yangu. Sikudanganya. Nyuma ya miaka miwili nikamuona mwingine, mweusi, wa mukia, ndani ya bido ileile. Siku hiyo hata maziwa haikuwamo. Tulikuwa tunaisuuza kwenye kijito, hapa nyuma.»

«Papa! Mbona hukusema?»

«Niseme kwa nani? Wameniita Papa Chura tayari. Nisimame sokoni niseme, kweli, chura ni wa kwangu?»

Akacheka kwanza yeye, nami nikacheka nyuma yake, kisha hatukucheka tena. Aliniuliza kama ningeweza kuliandika mahali. Nilimwambia gazeti limekwisha. Alisema: «Basi.» Alinitolea chai, na ndani ya chai alimimina maziwa. Yalitoka kwa binti ya Mama Venansiya. Kila asubuhi alimletea.

Kwa hiyo naliandika hapa. Tuliomba kuona chura. Hatukuomba kuona bido. Ninyi mukienda kuuliza, muombe vyote viwili, na mukifika nyumbani mujiulize ni kitu gani cha tatu mumesahau, maana kitakuwako.

Asubuhi hii nililaza kamba ya Papa Tadeo juu ya kurasa hizi. Mama Venansiya amepita fundo mbali sana. Papa Gaspari, hata nikimuhesabia na chai, hakulifikia. Nilijaribu kumuongezea, lakini yeye mwenyewe hayuko tena wa kuniambia maneno, na kuyatunga siwezi.

Basi nawaomba hivi. Mukichapa, chini ya mustari wa mwisho muache nafasi nyeupe, vidole vinne, muchore mustari kuizunguka, na juu yake muandike jina lake tu. Na atakayesoma kwa sauti Jumapili nyuma ya misa, akifika pale, anyamaze mpaka mwisho wa nafasi. Na muntu yeyote asilie kama chura.